Nipe Mji

Mpwa wangu hunipigia simu saa ambazo kwao ni usiku wa manane na kwetu Nguvumali jua limekwisha kupanda kimo cha mnazi mchanga. Anaishi Columbus, katika jimbo la Ohio, na kazi yake ni kuwaangalia wazee majumbani mwao: kuwapa dawa, kuwageuza ubavu, kuwasikiliza. Mmoja wa wazee hao ni bibi aliyevuka miaka tisini, ambaye usingizi umemhama. Badala ya kulala hutazama televisheni, na katika televisheni hatazami ila kituo kimoja tu, kinachorusha michezo ya zamani ya chemsha bongo. Mingine ni ya picha nyeusi na nyeupe, na wengi wa washiriki wake wamekwisha kufariki.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Bibi hajambo?"

"Hajambo. Leo ameniandikisha barua."

Mkono wa bibi unatetemeka, kwa hiyo alimtaka kijana amshikie kalamu, awaandikie wenye kituo wamrudishie mchezo fulani alioupenda alipokuwa mwari wa juzi juzi. Hakutaja mchezo tu. Alitaja saa ya kuurusha, na akataja ni mtangazaji yupi anayemtaka, maana mchezo ule uliongozwa na wawili kwa nyakati mbalimbali na huyo wa pili, kwa hukumu yake, hakujua kucheka. Mpwa wangu alinisimulia hayo huku akicheka mwenyewe. Kisha akaniuliza, kwa mzaha wa mtu aliyechoshwa na zamu: "Na nyinyi huko, mjomba, mkiandikia televisheni mtaomba mrudishiwe nini?"

Nilimjibu ovyo, tukaagana. Lakini asubuhi ile nilikuwa nimekaa barazani na tafsiri ya kurasa sita niliyomwahidi mtu kwamba ataipata kabla ya adhuhuri, na hakuipata. Wala hakuipata siku ya pili yake.

Nilifanya kama nifanyavyo kila ninapokutana na jambo nisilolijua, yaani nililisoma. Mimi sikufika mbali darasani. Kiingereza nilijifunza kwa kamusi ya kuazima na kwa magazeti yaliyofungiwa sukari dukani, na mpaka leo nakisoma kama mtu avukaye mto kwa kukanyaga mawe: jiwe likikosekana, nasimama. Nilichokigundua ni kwamba bibi wa Columbus ana ndugu wengi. Tarehe 1 Desemba 1994 kilianzishwa huko Marekani kituo kilichoitwa Game Show Network, kilichoishi kwa kurudia michezo ya miaka iliyopita. Tarehe 1 Juni 2015 kikazaliwa kingine, Buzzr, nacho ndicho cha bibi. Vituo hivyo vina mashabiki ambao kazi yao ni kupendekeza. Hupanga ratiba ya siku nzima kana kwamba wameajiriwa: saa fulani mchezo huu, wa mwaka fulani, baada yake ule. Kati ya Oktoba 1997 na Aprili 1998 kituo kile cha kwanza kilipoteza haki ya kurusha hazina kubwa ya michezo iliyobuniwa na Mark Goodson na Bill Todman, na mashabiki wakaipa miezi ile jina ambalo kwa Kiswahili naliita Zama za Giza. Nilipolisoma nilitabasamu. Mtu aliyewahi kukosa umeme kweli kweli asingelitumia jina hilo kwa jambo dogo kama lile. Lakini tabasamu langu halikudumu, na sababu yake nitaifikia.

Miongoni mwa michezo hiyo upo mmoja uitwao What's My Line?, uliorushwa na CBS tangu 1950 hadi 1967, Jumapili usiku. Watu wanne waliosifika kwa werevu hukaa safu moja, mgeni huingia, nao humhoji kwa maswali ya ndiyo na siyo mpaka waijue kazi yake. Ikiwa mgeni ni mtu mashuhuri, hufungwa vitambaa machoni wasimwone. Msomaji wa pwani hahitaji maelezo zaidi, maana hicho ni kitendawili kilichovishwa suti. Mwaka 1952 waliobuni mchezo huo waligundua kwamba filamu za maonyesho yao zilikuwa zikiharibiwa baada ya kurushwa, wakatoa fedha zao wenyewe ili zihifadhiwe. Ndiyo sababu bibi anaweza kuutazama leo. Mchezo wa Jeopardy! haukuwa na bahati hiyo katika awamu yake ya kwanza, ya tangu 1964 hadi 1975. Ukanda wa video ulikuwa ghali, hivyo kilichokwisha kurushwa kilifutwa ili paandikwe kingine, na katika maelfu ya maonyesho hayo yaliyosalimika ni machache mno.

Jambo moja lilinishughulisha kuliko yote. Watu hawa hawaombi kujua jibu, maana jibu wanalo tangu ujana wao. Mpwa wangu aniambia bibi hujibu kabla ya washiriki, tena kwa sauti, na hajawahi kukosea. Basi anangoja nini?

Wapenzi wa tenzi wanapolisikia jina la mtaa wangu huniuliza kama ndiyo Nguvumali ya Swifa ya Nguvumali, utenzi wa Hasani bin Ismail uliochapishwa mwaka 1968 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Peter Lienhardt. Huwaambia kwamba yule alikuwa mganga na habari zake ni za pwani ya kusini. Huu ni mtaa wa Tanga, na uganga mkubwa niliouona mimi humu ulikuwa vitumbua vya mama yangu. Alivipika alfajiri, akaviuza mpaka saa tatu, na mchana akashona kofia kwa mkono. Usiku, taa ya chemni ikipunguzwa utambi ili mafuta yafike mwisho wa juma, alitutegea vitendawili.

Mchezo huo kila msomaji wa ukurasa huu ameucheza, lakini nauelezea kwa sababu wajukuu zetu wanaujua kwa kuusoma katika vitabu vya shule, ambamo kitendawili huandikwa upande wa kushoto na jibu upande wa kulia, kama orodha ya bei. Mtegaji husema, "Kitendawili!" Wenziwe huitikia, "Tega!" Hutega. Watu hujaribu, hukosea, huchekwa. Wakishindwa, mtegaji hudai, "Nipeni mji!" Hapo ndipo penye utamu. Hupewi jibu bure. Unalinunua, na bei yake ni mji. "Chukua Pangani." "Pangani sitaki, kuna mbu." "Chukua Mombasa." Akiridhika, mtegaji husafiri kwa maneno mpaka mji huo, hupokewa, hulishwa, husifiwa, na katika kurudi kwake hulidondosha jibu. Mimi na ndugu zangu tulikwisha kuigawa Mombasa, Unguja, Bagamoyo na London kabla hatujafika hata Muheza.

Na vitendawili vyenyewe vilikuwa vile vile. Nyumba isiyo na mlango ilitegwa usiku huu na usiku ule, na hakuna kati yetu aliyekuwa hajui kwamba ni yai. Tulijisahaulisha. Mdogo wetu wa mwisho alikuwa hodari wa kujisahaulisha kuliko sote, maana alipenda kugawa miji. Kwa hiyo ninapoulizwa kama pwani yetu ina mazoea ya kutazama marudio, jibu langu ni kwamba sisi tulikuwa na marudio kabla ya kuwa na televisheni. Hata shairi letu linajengwa hivyo: kibwagizo hurudi kila ubeti, na hakuna msikilizaji anayelalamika kwamba mstari ule amekwisha kuusikia.

Televisheni ilitufikia kwa kuchelewa. Nyinyi wenzetu wa Unguja mlikuwa na Televisheni Zanzibar, tena ya rangi, tangu mapema miaka ya 1970, wakati sisi wa bara tulikuwa bado tunaikodolea macho redio. Tanga walikuwapo waliosimamisha nguzo ndefu kupita minazi ili wanase picha kutoka kwenu au kutoka Mombasa, na usiku wa hali njema walionekana watu wakitembea katika mvua ya mchanga. Bara ilingoja mpaka 1994. Hapo vikaibuka vituo vya watu binafsi kimoja baada ya kingine, vikiwa na saa nyingi za kujaza na vipindi vichache vya kujazia, na kimoja katika vile, ambacho sitakitaja, kikapata wazo la kuzunguka miji ya pwani kikirekodi mashindano ya vitendawili.

Kwetu kilifika mwaka 1996. Viwanda vingi vya Tanga vilikuwa vimefungwa au vimo katika kufungwa, bei ya mkonge ilikuwa imeanguka siku nyingi, na baba yangu alikuwa mmoja wa wanaume walioamka alfajiri kwa mazoea tu. Zawadi ya mshindi ilikuwa cherehani cha miguu, kipya, kilichowekwa jukwaani kimefungwa utepe mwekundu. Mama hakukiondolea macho. Kofia moja ilimchukua wiki nyingi za mkono, na alikuwa amekwisha kupiga hesabu ya nguo za shule angeweza kushona kwa cherehani kile, na ada angeweza kulipa.

Walianza watu kumi na wanane. Ndugu wa washiriki tulipangwa nyuma ya jukwaa ili tusiwanong'oneze, na kwa hiyo mama yangu nilimwona mgongo jioni nzima: kanga, shingo, na mkono wa kulia aliouweka kiunoni kila alipotega. Kamera zilikuwa mbele. Mpaka saa mbili usiku walikuwa wamebaki wawili, mama na mzee mmoja aliyekuwa mwalimu wake wa chuoni alipokuwa mtoto. Mzee yule alikuwa ameanza kupoteza nuru ya macho, na aliletwa jukwaani kwa kushikwa mkono. Kanuni ilikuwa nyepesi: atakayetoa mji ameshindwa.

Mzee akatega. "Kitendawili!" Ukumbi mzima ukaitika. "Mgeni wangu, nikimngoja haji; nikimsahau, amekwisha kuingia."

Mama alinyamaza. Nami nikafurahi moyoni, maana kitendawili hicho nilikijua. Nilikijua tangu udogo wangu, kwa sauti yake mwenyewe, gizani, mkono wake ukiwa juu ya paji la uso wangu nilipokataa kufumba macho. Jibu lake ni usingizi. Nilingoja alitamke, tuchukue cherehani, twende zetu.

Hakulitamka. Ukimya ule mimi husema ulikuwa wa dakika nzima. Mtangazaji alianza kusogezasogeza miguu. Mwishowe mzee akasema kwa upole, "Nipe mji, mwanangu," na mama akajibu, kwa sauti isiyotetemeka, "Chukua Nguvumali."

Ukumbi ulilipuka kwa kicheko. Hakuna atoaye mtaa wake. Watu hutoa miji ya mbali, ya wenyewe. Mzee naye hakukataa. Alisema amefika Nguvumali, amekaribishwa barazani, amepewa vitumbua vya moto na maji ya mtungini, akatandikiwa mkeka chini ya mwembe, na hapo, alipokuwa amemsahau kabisa, mgeni wake akamwingilia, na mgeni huyo ni usingizi. Watu walipiga makofi mpaka mabati yakavuma. Cherehani kilikwenda kwake. Baada ya kufariki kwake kilibaki kwa mjukuu wake wa kike, ambaye ni fundi hodari. Suruali niliyoivaa ninapoandika haya ilipindwa kwa cherehani hicho.

Tulirudi nyumbani kwa miguu. Baba hakusema neno mpaka tulipofika mlangoni, kisha akasema moja tu, "Ulikijua." Hakuuliza, alisema. Mama akaingia ndani kuloweka mchele wa asubuhi.

Hapo ndipo ulipoanzia ubishi baina yangu na dada yangu mkubwa, ubishi ambao umedumu karibu miaka thelathini. Mimi nasema mama alikijua kitendawili kile, na aliuza cherehani ili asimwaibishe mwalimu wake mbele ya kamera, mzee ambaye hakuwa amebakiwa na jingine la kujivunia ila kumbukumbu yake. Dada anasema mama hakukijua. Anasema kitendawili cha mgeni hakikuwahi kusikika nyumbani kwetu kabla ya usiku ule. Kwamba mama alikisikia kwa mzee, akakipenda, na akaanza kuwategea wajukuu, na mimi niliyemsikia akiwategea wajukuu nimelivuta tukio hilo nyuma mpaka utotoni mwangu, kama watu wanavyofanya. "Mama hakuwa mtu wa kumwachia mtu cherehani," ndivyo asemavyo dada, na anayemjua mama atakiri kwamba hoja hiyo si ndogo.

Na dada alikuwa na silaha nisiyokuwa nayo. Kipindi kilirushwa mara moja tu, Jumapili moja jioni, wiki kadhaa baadaye. Mimi nilikuwa Mombasa nikitafuta kazi ya kusahihisha chapa, nikikesha katika chumba cha rafiki kisicho na hata redio. Dada alikitazama kwa jirani. Yeye aliiona sura ambayo mimi sikuiona. "Niliiona sura yake," huniambia kila tunapofika ukingoni mwa hoja, nami hapo hunyamaza, maana mgongo hauwezi kushindana na uso.

Mama mwenyewe tulimwuliza, zaidi ya mara moja. Alitujibu, "Mji nimekwisha utoa," akaendelea na kazi yake. Alifariki mwaka 2003.

Mwaka 2009 nilikwenda Dar es Salaam kwa shughuli ya tafsiri, nikajipa siku moja ya kukitafuta kituo kile. Nilipokewa vizuri, nikapewa soda. Kijana mmoja mwenye adabu alinionyesha chumba chenye rafu mpaka darini. Baadhi ya kanda, aliniambia, ziliandikwa juu yake vipindi vingine kwa sababu kanda mpya zilikuwa aghali. Zilizobaki nyingi hazina karatasi za majina. Na mashine ya kuzichezesha iliharibika, kipuri chake hakitengenezwi tena. "Kwa hiyo, mzee, huenda ipo na huenda haipo," alisema. Mapema mwaka 2013 mitambo ya analojia ilipozimwa Tanga, na sote tukapanga foleni kununua ving'amuzi, nilikikumbuka chumba kile. Sasa picha zinatufikia safi, hazina mchanga hata chembe, katika chaneli nyingi nisizoweza kuzihesabu, na katika zote hizo hakuna usiku mmoja nilioona mtu akiombwa mji.

Sisemi kwamba sisi peke yetu ndio tusiojua kuhifadhi; yaliyompata Jeopardy! yanatosha kuniziba mdomo. Wala sisemi hakuna waliojaribu. Mwaka 2012 kulikuwa na vijana wa Tanzania Heritage Project waliochangisha fedha ili kanda za muziki wa Redio Tanzania zihamishiwe katika kompyuta kabla hazijaoza, na wapenzi wa muziki wa zamani wakawashangilia. Lakini muziki una wapenzi wenye kelele. Kitendawili hakina bendi.

Nilipofika hapa katika kufikiri kwangu nilimkumbuka Muyaka bin Haji. Alifariki mnamo mwaka 1840, na maneno yake, yakiwemo ya kufumba na kujibizana, yalikuwa yamebaki vinywani mwa wazee wa Mombasa tu. Mwalimu Sikujua bin Abdallah aliyakusanya kwa wazee hao, W. E. Taylor akayaandika na kuyaeleza, na mwaka 1940, miaka mia moja baada ya mshairi kuzikwa, yakatoka katika kitabu kilichohaririwa na William Hichens. Kila mpenda ushairi huwashukuru watu hao kwa maneno waliyoyaokoa. Mimi, tangu niingiwe na habari ya bibi wa Columbus, nimekuwa nikiwaza juu ya wasichoweza kukiokoa. Muyaka alipotegwa fumbo na mshairi mwenziwe, alikaa muda gani kabla ya kujibu? Alicheka? Aliangalia chini? Karatasi haina mahali pa kuandika kitu hicho. Ukanda wa video unapo, na ndicho kitu, nadhani, anachokingoja bibi usiku kucha: muda ulio baina ya swali na jibu, ambamo mtu aliyekwisha kufa bado hajui atasema nini.

Basi nikaandika barua. Niliiandika mara tatu. Ya kwanza ilikuwa na salamu ndefu na maombi mengi, ikafanana na barua ya kuomba kiwanja. Ya pili niliandika kwa hasira. Ya tatu nilimwiga bibi: nikataja ninachotaka na saa ninayokitaka. Nilipendekeza kwamba mashindano ya vitendawili yaliyorekodiwa pwani katika miaka ya 1990 yatafutwe, na yatakayopatikana yarushwe tena Jumapili baada ya taarifa ya habari, kwa jinsi yalivyo. Niliwaomba wasitie muziki chini ya sauti za watu. Niliwaomba, na hili nililipigia mstari, wasikate ukimya. Maana najua mafundi wa televisheni huuona ukimya kama shimo la barabara, nao huwahi kulifukia. Niliwaambia kwamba mimi naweza kusaidia kuwatambua washiriki wa Tanga, wale wa Pangani nina rafiki anayewajua, na kwa Pemba na Unguja wapo wasomaji wa jarida hili. Mwisho nikaandika kwamba kipindi cha Tanga cha mwaka 1996 yupo shahidi mmoja aliye hai aliyekitazama kikirushwa, ambaye anaweza kusema kama ukanda watakaoupata ndio wenyewe.

Kabla ya kuipeleka posta nilimpigia dada simu Muheza, nimsomee. Nilidhani atacheka.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mdogo wangu. Kuna nini asubuhi yote hii?"

Nilimsomea mwanzo mpaka mwisho. Nilipomaliza hakusema kitu, nikafikiri simu imekatika. Nikaita jina lake.

"Siku ile umeme ulikatika," alisema.

"Siku ipi?"

"Jumapili ile. Mzee ndiyo kwanza alikuwa ametamka 'kitendawili', ukakatika. Tulikaa gizani kwa jirani mpaka saa nne. Uliporudi, palikuwa na mpira."

Nilimwambia kwamba miaka yote hii amekuwa akiniambia aliiona sura ya mama.

"Niliiona," alisema. "Alipokuwa anangojea ategewe niliiona. Alikuwa amependeza." Kisha, kwa sauti ndogo zaidi: "Wewe hukuwahi kuniuliza kilichofuata. Wewe ulikuwa unabishana tu."

Tuliongea mengine, ya mvua na ya mguu wake unaomsumbua, tukaagana. Niliichukua barua, nikaifuta sentensi ya shahidi, nikainakili upya kwa mwandiko mzuri, na kabla ya adhuhuri nikaipeleka posta.